Baragumu Lililoitikiwa Kutoka Ndorwe

“Aoshaye juu, amuulize anywaye chini.”

Ndivyo alivyosema Bibi Nakunda, bila kuinua sauti, alipomwona Elinami akielekea mferejini na bomba la kupulizia dawa ya nyanya mgongoni ili akalisuuze. Ilikuwa siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila kaya hutoa mtu wake. Vijana walikuwa wamepumzika baada ya kuzoa tope ndani ya ndiva, bwawa letu la udongo linalokusanya maji ya kumwagilia mashamba. Elinami alisimama pale pale. Wenzake walimcheka, wakisema leo amepigwa kwa methali. Kisha mmoja wao akauliza methali hiyo imetoka wapi, maana hakuwahi kuisikia shuleni wala redioni.

“Huko hutaisikia,” alisema Bibi. “Ni ya hapa hapa. Ketini. Na wewe Elinami, liweke hilo bomba kwenye nyasi, halitakimbia. Methali hii ilianza hivi.”

Akawasimulia.

Juu ya kijiji chetu cha Ishinde, pale mnapoyaona magofu yaliyoota magugu, palikuwa na kampuni ya mbao. Ilikata miti, ikapasua mbao, na nguzo ikazichovya katika dawa ya kijani ili mchwa wasizile. Dawa hiyo ilikaa ndani ya shimo kubwa la saruji lililoezekwa kwa bati. Miti ilipokwisha, kampuni iliondoka. Ilichukua misumeno, ikachukua injini, hata misumari ya ukutani iling'olewa. Lakini shimo halibebeki, likabaki. Na mapipa yenye kutu yakabaki, pamoja na vilima vya vumbi la mbao.

Mwanzoni hatukujali. Baadaye upepo uliezua bati, mvua ikaingia shimoni, na kila masika maji ya kijani yakawa yanamwagika kidogo kuelekea kwenye nyumba ya Namsifu, ambayo ndiyo iliyokuwa karibu. Mume wa Namsifu alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo mji ule aliushika yeye. Mbuzi wake waligundua kwamba nyasi za pale zina ladha ya chumvi, wakazipenda, wakafa. Kisha mwanawe mdogo, Mbonea, akatokwa na vidonda nyayoni. Kila kilichojulikana kilipakwa, mafuta ya mbarika, majivu, dawa ya zahanati, na vidonda havikukauka.

Bwana afya alipanda kuja kutazama. Alisema ile ni sumu, watoto wasikanyage pale, na kwamba atawaomba wakubwa zake walete lori la kuichukua. Lakini barabara ilikuwa imekatwa na mvua ya mwaka uliopita na hakuna lori lililoweza kufika. Nayo mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima. Shimo lilikuwa limejaa karibu na ukingo. Mvua kubwa moja tu, na sumu yote ingeingia uani kwa Namsifu na kwenye chemchemi aliyochota maji ya kunywa.

Basi kijiji kikakaa kikao. Aliyetoa shauri alikuwa Mzee Senzota, msimamizi wa ndiva. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Alijua maji kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake, na hakuna aliyewahi kumwona akimpendelea ndugu kwenye zamu za maji. Alisema tuchimbe mtaro kutoka shimoni hadi kwenye mfereji, tubomoe ukingo wa shimo, halafu tufungue ndiva iliyojaa. Maji yatasukuma uchafu wote uende zake nyikani.

Kila mtu aliitikia, na baba yangu naye aliitikia. Hivyo ndivyo tulivyosafisha kila kitu, wajukuu zangu. Tope likizidi ndani ya ndiva, tulifungua maji yakaliondoa. Mfereji ukijaa majani, tulifungua maji. Kwetu sisi, kilichokwenda na maji kilikuwa kimekwisha. Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Namsifu. Alimshika Senzota mkono kwa mikono yake miwili. Senzota alikuwa kaka wa mumewe, na kwa kawaida walitaniana sana, lakini siku hiyo hakukuwa na utani.

Kazi ilipangwa. Siku moja kabla, mjumbe alifika kutoka Ndorwe, kijiji kilicho chini yetu, akiwa na habari kwamba Nanzia, binti mkubwa wa Namsifu aliyeolewa huko, amejifungua mtoto wa kike. Mnajua desturi. Mama wa mzazi lazima aende kumlea binti yake, amkande, ampikie, amwogeshe mtoto. Namsifu alimwacha Mbonea kwa mama yangu, akateremka na kibuyu cha samli. Alikwenda huku moyo umetulia, kwa sababu akirudi shimo litakuwa tupu.

Asubuhi ya pili yake aliamka mapema, akachukua mtungi kwenda kuchota maji ya kumwogesha mjukuu. Huko Ndorwe hawana chemchemi. Wanachota mferejini, mfereji ule ule utokao kwetu. Alimkuta mwanamke mmoja jirani wa Nanzia, aitwaye Mama Eliwaza, anaondoa kwa kiganja vumbi la mbao lililoelea juu ya maji.

“Karibu, mama wa juu,” Mama Eliwaza alimwambia. “Umekuja kuyatazama maji yenu?”

Namsifu akacheka, akauliza yamekuwaje maji ya Ishinde.

“Si yanatoka kwenu? Tunazijua habari zenu zote. Mkifua, povu linafika. Juzi yalipita manyoya ya kuku mengi, tukasema Ishinde kuna harusi. Na hamkutualika.”

Namsifu aliendelea kucheka, kisha akaacha. Alilitazama lile vumbi la mbao kwenye kiganja cha mwenzake. Alilijua. Lilitoka kwenye vilima vilivyokuwa kando ya shimo, nyuma ya nyumba yake, na wachimbaji wa mtaro walikuwa wameshaanza kulitifua. Akatazama maji, akatazama mtungi wake. Mama Eliwaza alimwuliza kama anaumwa. Aliutua mtungi chini, ukiwa mtupu, akamwomba ampelekee Nanzia maji sasa hivi, ayachote mengi, ajaze kila chombo. Akaanza kupanda mlima bila kunywa hata uji.

Alitufikia jua likiwa limeshapanda. Mimi nilikuwepo, sisi watoto tuliletwa kubeba chakula cha wachimbaji. Mtaro ulikuwa umekwisha. Vijana walisimama na sururu kwenye ukingo wa shimo wakingoja ishara, na Mzee Senzota alikuwa ukutani mwa ndiva, mikono yake imeushika ule mti mrefu unaoziba tundu la maji. Baragumu lake, pembe ya tandala, lilining'inia begani.

Hapo ni lazima niwaeleze jambo, maana siku hizi mnapigiana simu. Zamani ndiva haikufunguliwa kimya kimya. Msimamizi alipiga kwanza baragumu ili watu wa chini wafungue vijiingilio vya mashamba yao. Wao wakijibu kwa baragumu lao, ndipo aliung'oa mti. Lakini siku ile haikuwa zamu ya Ndorwe, na yale hayakuwa maji ya kumwagilia. Kwa hiyo hakuna aliyelifikiria baragumu.

Namsifu alifika akihema, akapita katikati ya watu hadi ukutani.

“Shemeji,” alisema, “hujapiga baragumu.”

Senzota alimwambia leo si zamu ya mtu.

“Maji yatapita kwao, iwe zamu yao isiwe zamu yao.”

“Namsifu, kazi hii tunaifanya kwa ajili yako. Umeyaona mawingu yale? Unataka usiku yakukute?”

“Nimeyaona. Mimi ndiye niliyezika mbuzi, shemeji, na mtoto mwenye vidonda ni wangu. Hakuna hapa anayetaka shimo hili litoke kunizidi mimi. Lakini baba yako aliushika mti huo, na babu yako. Nani kati yao aliung'oa bila kupiga baragumu?”

Watu walinung'unika. Wengine walimwambia Senzota asimsikilize, ang'oe mti kazi iishe. Mmoja alisema mwanamke huyu amechanganywa na uzazi wa bintiye. Senzota alikasirika, na nadhani alitaka tu kumnyamazisha. Alilichukua baragumu, akalipiga kwa nguvu kuliko nilivyowahi kumsikia.

Tukangoja. Nadhani alitumaini kwamba hakuna atakayejibu, kwa kuwa hawakuwa na sababu ya kutazamia maji siku ile.

Wakajibu. Baragumu la Ndorwe lilipanda bonde taratibu, likatufikia. Kisha, kwa mbali sana, yakafuata vigelegele. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, wajukuu zangu. Maharage yao yalikuwa yanakauka, na watu wale walidhani tumewakumbuka kwa maji yasiyo ya zamu yao. Tukawaona, wadogo kama siafu, wakikimbilia mashambani kufungua vijiingilio.

“Wanakushukuru, shemeji,” alisema Namsifu.

Senzota alibaki ameushika mti kwa muda, kisha mikono yake ikauacha. Aliketi juu ya ukuta wa ndiva kama mtu aliyechoka safari. Vijana waliweka sururu chini, mmoja baada ya mwingine.

Sasa, watu wa Ndorwe waliposubiri maji yasije, walifanya jambo ambalo ninyi pia mngelifanya. Walipanda kuja kugombana. Walifika alasiri na majembe mabegani, Mama Eliwaza mbele yao, akiuliza kwa sauti maji yao yamenywewa na nani. Walipodai maelezo, Senzota alisimama, akawapeleka hadi ukingoni mwa shimo. Waliyaona yale maji ya kijani. Waliuona mtaro mpya ulioelekea mferejini.

“Mlitaka kutunywesha hii?” aliuliza Mama Eliwaza.

Senzota angeweza kusema hapana. Alivua kofia yake, akasema, “Ndiyo. Hatukuwakumbuka.”

Palikuwa na ghadhabu pale, siwafichi. Kulikuwa na kijana wa Ndorwe aliyeinua jembe, wenziwe wakamshika. Mama Eliwaza alimwuliza Namsifu nyumba yake iko wapi. Alipelekwa, akamwona Mbonea, ambaye mama yangu alikuwa ameshamrudisha, ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha juani ili inzi wasitue kwenye vidonda. Mama Eliwaza alichutama akazitazama zile nyayo muda mrefu. Aliporudi, aliwaambia watu wake hivi:

“Hawa walitaka kututumia mzigo bila salamu. Salamu imefika, basi mzigo tutaupokea. Lakini tutaubeba kwa mikono. Maji hayatabeba.”

Hivyo vijiji viwili vikafanya msaragambo mmoja, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Kwanza waliufukia ule mtaro. Kisha waliitengeneza barabara, wa juu wakishuka na wa chini wakipanda, mpaka majembe yakakutana kwenye kona ya mikaratusi. Bwana afya alileta mabuti na glavu za mpira, akawaonyesha namna ya kuchota bila kujirushia. Maji ya sumu yalimwagwa kwenye vumbi la mbao hadi yakanyonywa, vumbi likajazwa kwenye mapipa yenye vifuniko, na mapipa yakabebwa kwa miti mabegani hadi barabarani, mtu wa Ishinde mbele na mtu wa Ndorwe nyuma. Waliobeba walitukanana kwa utani njia nzima. Wa chini walisema wa juu hawajui kubeba, wamezoea kutuma.

Mvua ya vuli ilitukuta hatujamaliza. Ilianza jioni, na watu waliposhikwa na hofu wakamwona Senzota anakuja na wanawe, wamebeba bati za nyumba yake mwenyewe. Wakaliezeka shimo. Nyumbani kwake walilala chini ya majani ya migomba msimu ule mzima, na mkewe hakuacha kumkumbusha.

Lori lilikuja, likapeleka mapipa mahali serikali ilipoagiza. Lakini msidhani kila kitu kilirudi kama zamani. Udongo wa pale haukufaa tena, ndiyo maana mpaka leo hapalimwi, na mbuzi akielekea huko mtoto yeyote humrudisha. Namsifu alikiacha kiwanja chake. Alijengewa nyumba nyingine upande wa pili wa bonde, na watu wa Ndorwe ndio waliokandika kuta zake. Nyayo za Mbonea zilipona polepole, zikabaki na makovu. Alikuja kuwa msimamizi wa ndiva baada ya Senzota. Tangu hapo, mtu yeyote wa Ishinde mwenye kitu cha kuosha mferejini alitakiwa kwanza asimame ukutani, aulize kwa sauti nani anakunywa. Akijibiwa, aende akaoshee mbali na maji.

Bibi Nakunda alimalizia hapo. Elinami aliliangalia bomba lake pale kwenye nyasi, kisha akapanda juu ya ukuta wa ndiva. Aliona haya kidogo, lakini aliweka viganja mdomoni.

“Nani anakunywa?”

Halafu, kutoka mbali chini, ikaja sauti nyembamba ya mtoto, ambaye huenda hakujua hata anaulizwa na nani.

“Sisi huku!”

Elinami alishuka. Alichota maji kwenye ndoo, akalitwaa bomba, akaenda nalo mpaka kule kwenye ardhi kavu, mbali na mfereji. Hakuna aliyemcheka safari hii. Bibi aliliweka jembe lake begani, akasema kama anayejisemea mwenyewe:

“Aoshaye juu, amuulize anywaye chini.”