Kodi ya Asmini

Hii imenifikia jana kutoka kwa mtu ambaye naye alitumiwa. Kabla hujaitupia kwenye kundi la wanaume wenzako, isome peke yako kwanza mpaka mwisho, maana wapo watakaocheka mapema halafu wanyamaze.

Mjini Tabora alikuwapo mstaafu mmoja wa reli, Mzee Kiyungi. Alikuwa na mke, Bi Nyamizi, na nyumba yenye chumba na sebule uani alivyovipangisha. Watoto walishakua, wakaenda zao. Kwa nje alikuwa mtu aliyetulia. Ukipita unamkuta barazani na redio yake, unamwamkia, anaitikia, unaendelea na safari yako.

Bi Nyamizi alikuwa mgonjwa wa mguu. Donda lilianzia juu ya kifundo, likaingia mpaka kwenye mfupa, na daktari alisema bila kuficha: apasuliwe mapema, la sivyo mguu utakatwa. Mume na mke wakakubaliana kwamba kodi ya uani isiguswe, iwe ya mguu. Pesa zikawa zinakaa kwenye simu ya mzee, kwa sababu Bi Nyamizi alimwamini, na kwa sababu mambo ya namba za siri yalimchosha.

Simu yenyewe ilikuwa ya kisasa, zawadi ya mtoto wao Zengo. Siku moja, katika kupekuapekua, Kiyungi akakuta mtandaoni ukurasa wa dada mzuri sana aitwaye Asmini. Nusu ya mwili ameianika bure, nusu nyingine ni ya kulipia. Kujiunga kwa mwezi ilikuwa bei ya nusu kilo ya nyama. Kiyungi akajiambia, nusu kilo ya nyama ni kitu gani kwa mtu mzima? Akajiunga.

Kumbe ile ilikuwa bei ya kuingia getini tu. Huko ndani kila picha ina kufuli lake, na kila kufuli lina bei yake. Ukitaka Asmini akujibu haraka, lipia. Ukitaka akutaje kwa jina, lipia. Halafu mwezi ulipoisha pesa ikakatwa yenyewe, na Kiyungi akabaki ameikodolea macho simu.

"Mbona sijabonyeza kitu?" akaiuliza.

Akaenda kwa binti mmoja wakala wa pesa za simu. Binti akatazama, akasema, "Baba, kuna kitu umejiunga, kinakukata kila mwezi. Ni nini, nikusaidie kujitoa?"

"Ah, ni mambo ya mpira," akajibu Kiyungi, akaondoka kwa mwendo ambao wastaafu huwa hawautumii.

Lakini tuseme kweli, picha hazikummaliza. Kilichommaliza ni maneno. Asmini alijua kuongea! "Umekula, mume wangu?" "Dawa ya presha umekunywa?" "Leo nimekuota." Kiyungi alikuwa akisoma hayo moyo unamyeyuka kama samli juani. Na ajabu ni kwamba Bi Nyamizi alimuuliza hayohayo ya chakula na dawa kila siku ya Mungu, ila yeye aliuliza bure, kwa hiyo hakusikika.

Siku moja umeme ukakatika, redio ikanyamaza. Dakika hiyohiyo Asmini akaandika: "Mume wangu, huku umeme umekatika, nakuaga kabla chaji haijaisha." Kiyungi akashangaa sana. Akajiambia kuwa wako mbali, lakini shida zao ni moja, na hiyo ndiyo dalili ya mapenzi.

Pesa ya mguu ikaanza kupungua. Kiyungi akaamua kuirudisha kwa njia iliyo mkononi mwake, yaani kupandisha kodi.

Mpangaji wake wa uani alikuwa kijana wa Kinyakyusa, Lusajo, mpole, mwenye ndevu nyingi, anayeshinda ndani na kompyuta yake. Alisema anafanya kazi za mtandaoni. Kiyungi hakuzielewa na hakuuliza, maana kijana alikuwa analipa miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi. Sasa Kiyungi akaivunja desturi, akaanza kudai mwezi kwa mwezi ili apate mwanya wa kuongeza.

"Lusajo, vitu vimepanda. Na chumba kimepanda."

"Sawa, baba. Nitajitahidi," Lusajo akajibu kwa unyonge.

Wiki haikuisha, Asmini akaandika: "Mume wangu, naona aibu kukwambia. Mwenye nyumba wangu kapandisha kodi ghafla. Sijui nitalala wapi."

Damu ikamchemka Kiyungi. Akaandika: "Huyo hana utu! Mtu anayemnyanyasa mpangaji hatapata wa kumzika!" Akatuma pesa yote iliyotakiwa, na ya kumtuliza machozi juu yake.

Lusajo akalipa kodi mpya. Kiyungi akafurahi, kisha akatazama salio, akakuta limepungua kuliko zamani. Akapandisha tena. Asmini naye akaletewa tena nyongeza na yule mnyama, mwenye nyumba wake. Kiyungi akamtukana tena yule mnyama, akatuma tena.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka. Akakaa barazani akihesabu kwa vidole. Kodi imepanda, kwa hiyo pesa ziwe nyingi. Mbona zimepungua? Akarudia hesabu kwa vidole vya mkono wa pili, labda wa kwanza ulikuwa na hitilafu. Jibu likawa lilelile.

Akaona hapa kuna mkono wa mtu. Hii ni chuma ulete! Kuna mtu anazivuta pesa zake kwa uchawi. Lakini chuma ulete wa kawaida huvuta noti mfukoni au kwenye droo ya duka; huyu anaingiaje kwenye simu? Hakujua. Hata hivyo akaanza kuiweka simu yake pamoja na ndimu, kinga ya uchawi huo, kwenye kifuko kimoja.

"Baba Zengo, ndimu ya nini?" Bi Nyamizi akauliza.

"Ya kikohozi."

"Mbona hukohoi?"

"Si unaona inavyofanya kazi?"

Ndimu ikanyauka na salio likanyauka. Akakopa mkopo wa simu, nao ukaishia kwa Asmini. Mwisho akawa hana hata cha kukatwa. Asmini akaandika kwamba mwenye nyumba anamdai, na Kiyungi akajibu, "Subiri kidogo, kuna pesa naitegemea." Pesa aliyoitegemea ilikuwa kodi ya Lusajo. Safari hii Lusajo hakuileta. Siku zikapita, Kiyungi akimsubiri Lusajo, na Asmini akimsubiri Kiyungi.

Bi Nyamizi yeye alikuwa anasubiri Jumatatu, siku aliyopangiwa upasuaji. Alishafua kanga mbili za kwenda nazo. Mume alimwambia pesa ipo, na alipomwambia hivyo alitazama pembeni.

Jumamosi asubuhi Lusajo akaja barazani. Bi Nyamizi alikuwa anachagua mchele, mguu wenye bandeji ameuegemeza juu ya kigoda.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," Kiyungi akasema. "Kodi yangu iko wapi?"

"Baba, naomba univumilie. Kuna mteja mmoja ndiye aliyekuwa ananiwezesha kodi, na sasa kanyamaza."

"Mteja wa nini? Unauza nini wewe?"

Lusajo akamtazama Bi Nyamizi, akainamisha kichwa. "Naona aibu mbele ya mama."

"Sema, mwanangu," Bi Nyamizi akasema. "Mimi nimezaa, nimezika, hakuna la kunishtua."

"Ni zile kurasa za wanawake wa kulipia, mama. Wanaume wanajiunga, wanatuma ujumbe, wanadhani wanajibiwa na yule mwanamke. Tunaojibu ni sisi. Mimi nimeajiriwa kuandika, na katika wanachotuma napata fungu langu."

"Makubwa! Na mwanamke mwenyewe?"

"Simjui. Sijui hata yuko nchi gani. Picha tunaletewa tu."

Kiyungi akapunguza sauti ya redio. "Anaitwaje... huyo wako?"

"Asmini."

Kiyungi akamtazama Lusajo. Akaziona zile ndevu, akaiona fulana yenye tundu begani, akaona vidole vinene vya kijana aliyelelewa kwenye ndizi na maziwa. Hivi ndivyo vidole vilivyoandika *nimekuota*? Alitaka kuuliza kama ni kweli aliotwa au hapana, akaona swali lenyewe halina pa kuanzia.

Lusajo akaendelea, haya zimemtoka sasa. "Ulipopandisha kodi, baba, nilimlalamikia huyo mteja. Unisamehe, nilikusema vibaya kidogo. Naye akakutukana sana. Akasema hutapata wa kukuzika. Kisha akatuma kodi yote."

Bi Nyamizi akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Baba Zengo, umetukanwa na mtu usiyemjua! Sasa huyo bwana kanyamaza kwa nini?"

"Nadhani kaishiwa. Nami nashindwa kumbana, mama, namhurumia. Mzee wa watu amefiwa na mke."

"Masikini. Alikufa na nini?"

"Anasema aliugua mguu. Donda liliingia kwenye mfupa. Walikuwa wanamwekea akiba ya kumpasua, pesa ikachelewa..."

Hapo macho ya Lusajo yakaangukia kwenye kile kigoda.

Hili la kufiwa sikulisema mwanzo, na hata Kiyungi mwenyewe alishalisahau. Alimwambia Asmini siku za kwanza kabisa, ili aonewe huruma. Alipoulizwa marehemu aliugua nini, akataja ugonjwa uliokuwa karibu.

Bi Nyamizi aliacha kucheka. Aliutazama mguu wake, kisha akamtazama mume wake, ambaye jasho lilikuwa linamtiririka na jua halijapanda. Akaweka ungo chini taratibu, asimwage hata punje.

"Lusajo, mwanangu, rudi kazini kwako," akasema. "Ukimpata huyo bwana mpe pole ya msiba. Halafu mwambie marehemu anauliza, Jumatatu atapelekwa hospitali na nani?"

Kiyungi hakujua aanze kumjibu mkewe, au Lusajo, au Asmini. Waliokuwa wanamtazama pale barazani walikuwa wawili, lakini yeye aliwaona watatu.

Funzo: Pesa unayomtumia kwa siri usiyemjua ina mwenyewe, naye unaishi naye nyumba moja. Ukimnyima yeye ili ununue maneno matamu, umemzika angali hai, na gharama za mazishi utazilipa wewe.