Kisima cha Kirimbwe na Ndoo Kumi na Mbili

Haya, paukwa!

Pakawa!

Niwape kisiwa?

Tupe kisiwa!

Nikiwapa mtanirudishia?

Tutakurudishia na maji yake!

Basi sogeeni karibu. Wewe Subira usisinzie, ukisinzia nitakuacha ufukweni, na mimi sirudi nyuma kwa mtu.

Hapo zamani za kale, bibi yake bibi yangu hajaota jino, palikuwa na kisiwa kikiitwa Kirimbwe. Kidogo! Ukiinjika maharage asubuhi, ukatoka kukizunguka kwa miguu, unarudi ulipoanzia na maharage bado hayajaiva.

Kaskazini palikuwa na mji wa Maweni, umekaa juu ya mawe. Kusini palikuwa na mji wa Mchangani, umekaa juu ya mchanga. Mfalme hawakuwa naye. Jeshi hawakuwa nalo. Mto hawakuwa nao. Walikuwa na minazi, na kamba za makumbi zilizosifiwa mpaka bara, na katikati ya kisiwa walikuwa na kisima kimoja cha maji matamu. Kwa kisima hicho walijiona matajiri. Na mimi nasema walikuwa matajiri kweli.

Kisima kilikuwa kipana, kina ngazi za mawe, nyembamba, zikishuka mpaka majini. Za nini? Hakuna aliyejua. Watoto walizichezea na mbuzi walizilalia.

Na juu ya kila mlango wa Kirimbwe ulitundikwa upawa, kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Bibi arusi hakuingia kwa mumewe mpaka apewe upawa mkononi. Ukiuliza wa nini, walikujibu, "Wa heri." Ukiuliza tena, walikuona huna adabu.

Sasa kisiwa hakikosi wageni. Wakaja wenye vilemba, wakanywa maji, wakasema kisiwa ni chao, wakaondoka, wakaacha mlimau. Wakaja wenye mizinga, wakanywa maji, wakasema kisiwa ni chao, wakaondoka, wakaacha mzinga mmoja, na kuku wakawa wanatagia humo. Wakaja wenye makaratasi, wakanywa maji, wakaandika kwamba kisiwa ni chao, wakaondoka, wakaacha ndoo za chuma kumi na mbili.

Watu wa Kirimbwe waliwapokea wote, wakawaaga wote. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," walisema. Na merikebu ikishapotea machoni, waliongeza, "Mgeni nenda, mwenyeji apumue." Wakabaki na kisiwa chao.

Ndoo sita zikaenda Maweni, sita zikaenda Mchangani. Wakazifunga kamba, wakachota polepole, miaka ikapita, mababu wakafa na wajukuu wakazeeka.

Mpaka siku ya arusi moja. Ah, arusi! Watu wameshiba pilau, midomo inawasha. Mtu mmoja wa Maweni akasimama akaimba kwamba wao ndio wa kwanza kuja Kirimbwe, na wengine wameletwa na maji kama magogo. Mchangani wakasimama wakajibu kwamba wao walimkuta nani? Walikuta kisiwa kitupu, na Maweni walikuja baadaye wakiomba moto.

Pilau likapoa. Tangu siku hiyo pakawa na sheria mpya isiyotungwa na mtu: wa kwanza kuja ndiye wa kwanza kuchota. Na kwa kuwa kila upande ulikuwa wa kwanza, kila asubuhi ilikuwa mbio. Ndoo zinatupwa kisimani, kumi na mbili kwa pamoja, ngoo! ngoo! ngoo! Kisima kikavurugwa mpaka chini.

Siku ya kwanza maji yakawa na chumvi kidogo. Watu wakasema, "Ulimi wangu leo una nini?"

Siku ya pili chai ikawa na chumvi. Watu wakasema, "Mke wangu leo ana nini?"

Siku ya tatu mbuzi alikunywa akatema. Watu wakanyamaza, maana mbuzi hana siasa.

Wakubwa wakakaa baraza. Mkubwa wa Maweni alikuwa Bwana Pandu, mtu wa tumbo. Mkubwa wa Mchangani alikuwa Bwana Vuai, mtu wa mabega.

Bwana Pandu akasema, "Kisima kimekasirika. Mkikubali kwamba sisi ndio wa kwanza, kitapoa."

Bwana Vuai akasema, "Kisima kimekasirika, kweli. Kubalini nyinyi kwamba sisi ndio wa kwanza, muone kama hakikupoa."

Hakukubali huyu, hakukubali yule. Mwisho wakakubaliana jambo moja tu, na lilikuwa baya kuliko yote: mwezi ukiandama, watu wote wahamie bara.

Hapo ndipo aliposimama Bi Mkasi. Bi Mkasi wa Mchangani alikuwa msokotaji wa kamba, viganja vigumu, maneno machache. Binti yake Mwaka alikuwa mja mzito, miezi yake imekwisha. Na desturi ya Kirimbwe ni moja: mtoto huoshwa kwa maji ya kisima kabla hajaonja ziwa la mama. Hapo ndipo huitwa wa Kirimbwe.

"Mie sihami," akasema Bi Mkasi. "Mjukuu wangu hatazaliwa kwenye nchi ya watu, akaoshwa kwa maji ya kuombwa. Mnanisikia?"

"Basi tuletee maji matamu, mama," wakamwambia.

"Nitawaletea."

Kusema ni rahisi. Aliondoka hapo akiwaza amuulize nani.

Katika minazi mikongwe ya Kirimbwe alikaa kaa mkubwa, yule apandaye mnazi mwenyewe akaangua na kufua kwa gando lake. Watu walimwita Babu Gando. Alikuwa na umri usiojulikana na hasira zinazojulikana. Bi Mkasi akamwendea shimoni kwake.

"Hodi, Babu Gando!"

"Nani?"

"Mimi Mkasi, wa Mchangani."

"Simjui."

Bi Mkasi akarudi zake. Kesho yake akaenda tena.

"Hodi, Babu Gando!"

"Nani?"

"Mimi Mkasi, wa wale waliokuja kwanza."

"Huyo mwongo. Simjui."

Akarudi zake, njia nzima anajisemea. Siku ya tatu akaenda, midomo imemkauka, majina yote yamemwisha.

"Hodi, Babu Gando!"

"Nani?"

"Mwenye kiu."

"Ahaa! Huyo namjua. Wote waliotua hapa walijitaja hivyo hivyo. Karibu, mwanangu, kaa kitako."

Bi Mkasi akakaa. "Babu, nani alikuja kwanza?"

"Mimi. Nilikuja nimepanda nazi inayoelea. Na mimi maji ya kisima siyataki, basi ya nini kuniuliza? Niulize la maana."

"Kwa nini kisima kimekuwa chumvi?"

Kaa akacheka, kifuu cha nazi kikamwanguka gandoni. "Mlangoni kwako kumetundikwa nini?"

"Upawa."

"Wa nini?"

"Wa heri."

"Heri gani hiyo yenye mpini? Na ngazi za kisimani je, ni za mbuzi?"

Bi Mkasi akasogea karibu na shimo.

"Sikiliza," akasema Babu Gando. "Chini ya kisiwa hiki kuna bahari. Maji ya mvua yamelala juu yake kama mafuta ya nazi yanavyolala juu ya maji. Wazee wenu walijua. Walishuka ngazi wakachota juu juu, kwa upawa, taratibu. Ndoo nazo zilivumilika, mlipokuwa mkiziteremsha kwa adabu. Sasa mnazitupa kama mnapiga mtu mawe. Mmemwamsha aliyelala chini. Kiacheni kisima siku saba, pasishuke ndoo hata moja. Kisha shukeni kwa upawa."

"Watanisikia, Babu?"

"Hawatakusikia. Wewe kazi yako nini?"

"Nasokota kamba."

"Basi," akasema kaa, akaingia shimoni kwake. Hakuaga.

Bi Mkasi akawaza njiani. Ndoo bila kamba ni nini? Ni chungu kibaya. Na kamba zote kumi na mbili alizisokota yeye kwa viganja vyake. Na wanawake wote wasokotao, wa Maweni na wa Mchangani, aliwafundisha yeye, wakiwa wamekaa mkeka mmoja, kabla ya arusi ile ya kulaaniwa. Akapita mlango kwa mlango, akawanong'oneza.

Alfajiri watu wakaja mbio na ndoo. Kamba hakuna! Bi Mkasi amekaa ukingoni mwa kisima, kamba kumi na mbili amezifumua, zimekuwa rundo la makumbi.

"Bi Mkasi, umefanya nini?" akapiga kelele Bwana Pandu.

"Nimechukua kazi ya mikono yangu. Ndoo ni zenu, chukueni."

"Tutasokota nyingine!" akasema Bwana Vuai.

"Sokoteni."

Wakawaita wanawake. Wanawake wakasema mikono inawauma. Wanaume wakakaa chini wakasokota wenyewe kutwa nzima, wakapata kitu kama mkia wa paka aliyenyeshewa. Wakakifunga kwenye ndoo, kikakatika kabla hata ndoo haijanyanyuka. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu, Maweni na Mchangani pamoja.

Siku saba kisiwa kizima kilikunywa madafu. Siku saba! Wewe uliyewahi kunywa madafu siku mbili unajua tumbo linasema nini. Sina haja ya kueleza zaidi, tumekaa na chakula hapa.

Siku ya nane ndiyo ya mwezi kuandama. Vyombo vilishapakiwa pwani: mikeka, vinu, kuku miguu imefungwa. Na asubuhi hiyo hiyo uchungu ukamshika Mwaka. Mkunga akatoa kichwa mlangoni akaita, "Maji! Mtoto yuko njiani, leteni maji!"

Bi Mkasi akapiga dua, akanyoosha mkono juu ya mlango wake, akaangua upawa wa heri. Akaenda kisimani, na watu wote nyuma yake na mitungi.

"Anayeshuka ni wa kwanza kuja!" akasema Bwana Pandu, akautwaa upawa, akaingia ngazini.

"Wa kwanza ni mimi!" akasema Bwana Vuai, akajipenyeza ubavuni mwake.

Ngazi, nimeshawaambia, ni nyembamba. Tumbo likakutana na mabega. Mbele hawaendi, nyuma hawarudi. Wamekwama kama kizibo.

Bi Mkasi akaja juu kwa hasira. "Binti yangu yuko katika uchungu, nanyi mmeziba njia ya maji! Bwana Pandu, vuta tumbo ndani, teremka. Wewe ni wa kwanza, haya, chota juu juu. Bwana Vuai, baki hapo hapo, pokea, umpe wa nyuma yako."

Kwa mara ya kwanza watu hao wawili walifanya walichoambiwa. Bwana Pandu akashuka mpaka chini. Akauweka upawa juu ya maji, juu juu, taratibu. Akamimina mtungini. Mtungi ukaenda kwa Bwana Vuai, ukaenda kwa mtu wa Maweni, ukaenda kwa mtu wa Mchangani, mkono kwa mkono, mpaka juu kwenye jua.

Bi Mkasi akachovya kidole, akaonja. Machozi yakamtoka.

"Matamu," akasema. Na mbuzi akanywa, hakutema.

Mtungi ukakimbizwa kwa Mwaka. Mtoto wa kike akalia, akaoshwa, akawa wa Kirimbwe. Kuku wakafunguliwa miguu, wakarudi mzingani mwao kutaga.

Kule chini ya ngazi, Bwana Pandu alichota mtungi baada ya mtungi. Wote wakanywa. Juu wakanywa, katikati wakanywa, Bwana Vuai akanywa. Ngazi hazina nafasi ya kupishana, na mitungi haikomi kuteremshwa, basi Bwana Pandu, koo limemkauka, akangoja mpaka wa mwisho ashibe.

Ndipo watu wakazielewa ngazi. Anayeshuka wa kwanza hunywa wa mwisho.

Na tangu siku hiyo ugomvi wa Kirimbwe uligeuka. Ukipita kisimani asubuhi unawasikia Maweni wakisema, "Tafadhalini, nyinyi Mchangani ndio mliokuja kwanza. Shukeni!" Na Mchangani wanajibu, "Hasha! Nyinyi ndio wa kwanza, wazee wetu walituambia. Haya, tangulieni!"

Zile ndoo? Wamepanda mchicha humo.

Ngano yangu inasema hivi: usitundike mlangoni usichojua maana yake, ulizia kabla hujashikwa na kiu. Na anayetaka kuitwa wa kwanza, mpe upawa ashuke.

Nimefika, nimetua. Kisiwa changu kiko wapi? Nirudishieni na maji yake, kama mlivyoahidi, koo limenikauka. Aliyekuwa wa kwanza kufika hapa jioni hii ni nani? Wewe Subira? Vizuri. Nenda kaniletee maji.