Kola ya Baba

Jicho ni mtumwa wa moyo. Lisipotumwa, hukodoka mchana kutwa lisione kitu. Ndiyo maana wahenga wakasema: lisilokuwapo moyoni, na machoni halipo. Mtu anaweza kumtembelea mzazi wake kila juma asimwone, kisha akaapa mbele za watu kwamba amemwona.

Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, aliishi peke yake ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Alikuwa na watoto wawili. Kifunguamimba alikuwa mchora ramani za majengo, mtu wa mashati yaliyonyooka na maneno yaliyonyooka zaidi. Kitindamimba, binti aliyekuwa mfamasia, ndiye aliyempelekea baba chakula na kumfulia. Ndiye pia aliyeona jinsi mzee alivyoinama kila ngazi zilipokata kona, akisingizia kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Binti alitaka baba ahamie kwake, nyumba ya chini, kabla ngazi hazijamwangusha. Lakini mzee alikuwa mgumu kama mpingo: bila neno la mwanawe wa kwanza, hahami. Na neno la kaka lilikuwa lile lile, kwamba baba ni mzima kama chuma, ila anadekezwa. Alilisema akiwa mlangoni, funguo za gari zikilia mkononi. Binti alibishana naye hadi mate yakamkauka. Hasira ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi akabadili mbinu. Jirani wa ghorofa ya chini, mwalimu wa sanaa, alikuwa akiwafundisha wanaoanza kuchora umbo la mtu katika ukumbi wa jengo, na mzee alikubali kukaa kitini achorwe. Binti naye alijiunga, ingawa watu aliowachora walikuwa na vichwa kama maboga na vidole kama uma. Akamwambia kaka kwamba darasa linahitaji mtu anayejua kushika penseli. Sifa ni chambo; kaka akakimeza.

Mwalimu alikuwa na sharti moja: chora unachokiona, si unachokijua. Anayeanza, alieleza, hachori pua iliyo mbele yake. Huchora pua aliyoiweka kichwani tangu utotoni. Kinyozi, muuza matairi, mpishi wa shule na wenzao wakafumba jicho moja, wakanyoosha penseli, wakapima, wakafuta, wakapuliza vumbi la raba, wakapima tena. Kaka alitazama mara moja, akainama. Mkono wake ulikwenda kama cherehani. Wenzake walikuwa bado mabegani alipomaliza na kutoa simu.

Mwishoni mwalimu aliipanga michoro yote sakafuni, kama kawaida yake. Wa kaka uliifunika mingine: mabega mapana, shingo nene, mikono imetulia mapajani. Kinyozi akapiga mluzi, akamuuliza bosi anatafuta nini kwa vilaza. Mzee mwenyewe akaunyooshea kidole.

"Huyu ndiye mimi," alisema. "Huu nitautundika ukutani."

Binti aliuma meno. Akaitazama ile mingine, iliyokuwa vichekesho vitupu. Mmoja ulimpa mzee miguu ya korongo, mwingine ulimsahau masikio. Lakini katika kila mmoja, shingo ilisimama ndani ya kola kama mwiko ndani ya sufuria. Na katika kila mmoja, mkono wa kulia ulikuwa umeukamata wa kushoto, kama askari na mwizi.

"Kaka, njoo. Mbona shingo yako si kama zetu?"

"Hawa ndio kwanza wanaanza, dada. Hawajui vipimo."

"Hawajui, sawa. Ndiyo wakosee wote pale pale?"

Kaka alicheka, akatafuta wa kucheka naye, akamkosa. Akasema kwa kejeli kwamba hakuja kufundishwa sura ya babake na muuza matairi. Muuza matairi, mtu mpole, alijibu kwamba yeye hamjui mzee hata jina. Amechora tu kilichokuwa kitini.

Hapo mwiba ukatoka.

"Hamjui jina, na amemwona," binti alisema. "Wewe unaliburuta jina lake kila ofisi, na umenakili picha yake ya sebuleni, ya enzi zile tukiwa shule. Huyu aliyekaa hapa humjui. Nenda kamshike shingo. Sitaki jibu la mdomo, nenda kamshike."

Kaka alikwenda kwa mwendo wa mtu anayemaliza ubishi. Akaingiza vidole viwili ndani ya kola ya baba. Vikapita. Akaingiza kiganja, nacho kikazama hadi kwenye saa yake, na nafasi ikabaki. Mzee aliinua mkono wa kulia amzuie. Ule wa kushoto, ulipoachiliwa, ukaanza kutetemeka gotini kama mfuniko wa chungu kinachochemka.

"Baba," kaka alisema. "Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunijulia hali mlangoni."

Kaka alichomoa kiganja. Akatamka kwamba baba ahame, Jumamosi ijayo. Dada yake hakushukuru wala hakulainika.

"Leo," alisema. "Na godoro utalishusha wewe, ghorofa zote nne."

Walitoka mzee akiwa katikati, kila mmoja kamshika mkono. Mchoro wa kaka ulibaki sakafuni. Hata mzee hakuukumbuka. Ulikuwa mzuri kuliko yote, na haukufanana na mtu yeyote aliyekuwamo mle ukumbini. Lisilokuwapo moyoni, na machoni halipo.