Mwalimu Asema Lala, Mama Asema Kimbia

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wazazi mlio nyuma, mbona kimya? Hadithi hii ni yenu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale alikuwako Mama Pimbi, mkazi wa mwambani, na mwanawe mmoja tu, Kidawa. Chini ya mwamba, penye majani, Mwalimu Kanga alikuwa na shule. Huko watoto walifundishwa kujihadhari na Tai.

Mwalimu alifundisha, "Nikilia kre-kre-kre, lala! Ganda! Usitikisike!"

Kidawa akarudi nyumbani. "Mama, mwalimu kasema tulale."

"Ulale? Yeye ana madoadoa, majani yanamficha. Wewe una nini? Kimbia pangoni!"

Kesho yake, "Mwalimu, mama kasema nikimbie."

"Hapa ni shuleni, si kwenu. Lala!"

Mtoto akakosa usingizi. "Mama, twende ukaongee na mwalimu."

"Na kazi zote hizi? Shule nimekupeleka, yangu yameisha."

"Mwalimu, njoo kwetu."

"Mama yako anaijua njia ya shule."

Na njia yenyewe fupi, ya kurusha jiwe tu! Hasira hunipanda kila nikisimulia.

Basi siku ikafika. Watoto wako uwanjani, Mama Pimbi yuko mwambani anaota jua. Kivuli kikapita. Vuuu!

"Kre-kre-kre! Lala, Kidawa!"

"Kimbia, mwanangu!"

Kidawa akalala. Akainuka. Akakimbia. Akalala. Akainuka tena, akasimama katikati ya uwanja, anatazama huku, anatazama kule. Na Tai anashuka. Vuuuu!

Mama akaruka kutoka juu. Mwalimu akaruka kutoka chini. Wakamwangukia mtoto pamoja. Pu! Tai akaondoka na manyoya ya mwalimu na kipande cha sikio la mama.

Mtoto akauliza kutoka chini yao, "Sasa nimsikilize nani?"

Wakatazamana. Ndipo wakasalimiana kwa mara ya kwanza, damu inawachuruzika.

"Penye majani, alale," akasema mwalimu.

"Karibu na mwamba, akimbie," akasema mama.

Basi! Ni hayo tu. Kumenya muhogo mmoja kunachukua muda zaidi. Lakini hadi leo, Kidawa akisikia kre-kre-kre, husita kwanza.

Mzazi na mwalimu wasiposemezana, anayeumia ni mtoto.

Hadithi yangu imeishia hapo mwambani. Na wewe unayepiga miayo, hebu tuambie: mwalimu wa mwanao anaitwa nani?