Bahari Iliyohamia Singida

Hapo zamani, na wala si zamani iliyozeeka, maana umeme ulikuwepo na simu za kupangusa zilikuwepo, palikuwa na nyumba moja Singida mjini iliyokuwa na bahari sebuleni. Msicheke. Nimesema bahari, na nimesema Singida. Tulieni niwaeleze ilivyofika, kisha nina kazi ya kuwapa.

Nyumba ilikuwa ya Njiku, fundi seremala, na mkewe Mwanaidi, binti wa Kisiwa cha Mafia. Mwanaidi alipopata mimba yake ya kwanza, mama yake, Bi Mwanaarafa, alifunga safari kutoka Mafia aje akae naye mpaka ajifungue na arobaini yake iishe. Mwanaidi alifurahi hata akasahau kutapika.

Lakini Bi Mwanaarafa hakuwa amewahi kuishi mbali na bahari. Kwao alikuwa mchokoa pweza. Siku yake ilianza kwa kutazama maji: yametoka, anachukua mti wake anashuka kuchokoa, yameingia, anabaki anapika. Sasa yuko Singida. Akaamka, akafungua dirisha, akaona mawe na kuku. Kesho yake, mawe na kuku. Akaacha kula. Akaacha kupiga soga. Akafungasha mkoba wake, akauweka mlangoni.

"Mwanangu, nakupenda," alimwambia Mwanaidi, "lakini hapa sijui siku inaanzia wapi. Niache nirudi kwetu kabla sijakuugulia mikononi."

Mwanaidi akaangua kilio. Mimba ya kwanza, ugenini, halafu mama aondoke? Aliogopa kuzaa bila mama yake, na hakuona haya kulisema.

Kilio hicho kilisikiwa na wanawake watatu. Hao watatu washikeni vizuri, msije mkanichanganyia.

Wa kwanza ni Mwamini, dada yake Njiku, wifi yake Mwanaidi, aliyeishi humo humo. Pale sebuleni palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa maji baridi, na tangi hilo lilikuwa lake. Mwamini hakujaliwa mtoto. Samaki wale aliwalea tangu wakiwa wadogo, kila mmoja na jina lake. Mmoja, mnene kuliko wote, alimwita Diwani, kwa sababu alijitokeza wakati wa chakula tu.

Wa pili ni Siwema, jirani, dereva wa lori la mafuta ya alizeti. Mafuta anayapeleka Dar es Salaam, lori analirudisha Singida, basi, ndiyo maisha yake.

Wa tatu ni Bi Makiya, mama yake Njiku, mwanamke wa maneno machache na jicho lisilopepesa.

Siwema ndiye aliyeanza. "Kama mama hawezi kwenda baharini, bahari si ije yenyewe? Tangi si hilo hapo?"

Wote wakamtazama Mwamini. Samaki wa maji baridi ukiwatia kwenye chumvi, umewaua. Ilikuwa lazima watoke. Mwamini akaingia chumbani, akakaa. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na ndoo iko mkononi. Akawavua mmoja mmoja akiwaita kwa majina, akawapeleka kwenye bwawa la mwalimu mmoja mstaafu aliyependa bustani. Diwani alikuwa wa mwisho. "Nenda baba," alimwambia, "huko nako wanakula." Akarudi na ndoo tupu, akatoa mchanga wa mtoni, akang'oa majani yote, akalisugua tangi likang'aa. Hakumnung'unikia mtu.

Siwema naye akaenda na mafuta, akarudi na bahari. Huko Dar alimtafuta fundi wa samaki wa mapambo, akafundishwa mambo yote, akachota maji safi ya chumvi, akayajaza kwenye madumu. Madumu gani? Ya mafuta ya alizeti! Kwani Singida kuna dumu jingine? Maji yalipomiminwa tangini, mafuta yakaelea juu, nyumba nzima ikanukia maandazi. Bi Mwanaarafa akachovya kidole, akalamba.

"Bahari hii," akasema, "imebakiza unga tu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye mwenyewe alicheka, mara ya kwanza tangu afike. Basi Siwema akasema kama utani wa bahari unamchekesha, bahari yenyewe itamfanya nini? Tangi likaoshwa upya. Siwema akaondoka tena, safari hii na madumu mapya, akaleta maji, mchanga mweupe na mawe ya baharini. Tajiri wake aliposikia kuwa lori lake linabeba chumvi inayokula chuma, akafoka: "Ukirudia, funguo ziache mezani!"

Sasa bahari ilikuwepo, lakini haina samaki. Yule fundi wa Dar alikuwa amesisitiza: maji na mawe vikae kwanza, mashine ya tangi ikiyazungusha maji, mpaka yakomae. Ukiwaharakisha samaki, wanakufa. Haya, nani atakubali kukaa analinda maji matupu?

Bi Makiya akavuta kigoda.

Akapima maji kwa dawa ya yule fundi, inayogeuka rangi maji yakikomaa. Rangi ikakataa. "Bado," akasema. Njiku akaja, ana haraka, anataka samaki watiwe mama mkwe asije akaondoka. "Bado." Siwema akapiga simu kutoka Dar. "Bado." Mwanaidi, tumbo limeshakuwa kubwa, akauliza kwa unyonge. "Bado, mwanangu." Majirani wakachungulia dirishani. "Bi Makiya, siku hizi mnafuga maji?"

"Tunafuga," alijibu. "Na hayaibi mboga kama paka wenu."

Wiki zikaenda, na siku moja rangi ikakubali. Siwema akapigiwa simu, akapiga moyo konde, akarudia lile alilokatazwa. Alileta samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa, wenye mikanda myeupe, ndani ya mfuko wa maji alioufunga kitini kwa mkanda kama abiria. Kila tuta alilishuka taratibu. Malori mengine yakampita yakimpigia honi. Alifika amechelewa vibaya, na funguo akaziacha mezani kwa tajiri. Kazi ikaota mbawa.

Bi Mwanaarafa alipowaona wale samaki, alipiga kigelegele. "Hawa nawajua! Hawa ni wa mwambani kwetu! Nikiinama kuchokoa pweza, wao wananitazama!" Akakaa mbele ya tangi. Akaomba wali. Akaumaliza, akaomba mwingine.

Ningewaaga hapa, lakini mnaujua upepo wa Singida. Unakausha hata mate. Maji ya tangi yakaanza kupungua, samaki wakapoa, wakawa wanalala chini. Bi Mwanaarafa akachukua dumu la maji ya bahari lililobaki. "Bahari huongezewa bahari," akasema, akalifungua.

Bi Makiya akasimama mbele ya tangi. "Hapana, mkwe."

Jamani, mkwe! Mkwe hupishwa njia, mkwe hupewa kiti, mkwe hakatazwi mbele za watu. Njiku alitamani ardhi ipasuke.

"Mchuzi ukikauka jikoni, chumvi huenda wapi?" akauliza Bi Makiya. "Inabaki sufuriani. Humu yameondoka maji peke yake. Ukiongeza chumvi, unawaua."

"Mimi nimezaliwa baharini, mkwe!"

"Najua. Lakini hapa tangini mlinzi ni mimi."

Akatia maji ya mvua waliyokuwa wameyakinga, kidogo kidogo. Jioni samaki walikuwa wamechangamka wanafukuzana. Bi Mwanaarafa akaona, moyo ukalainika, wakwe wakashikana mikono. Lakini mtaani Bi Makiya alishasemwa: yule mama hana adabu, kamkemea mkwewe.

Mwanaidi akajifungua salama, mkono wake umeshikwa na mama yake. Mtoto wa kike! Njiku, kwa furaha, akamwachia mama mkwe heshima ya kutoa jina. Bi Mwanaarafa akatangaza: "Mjukuu wangu nampa somo. Atachukua jina la aliyeniletea bahari."

Kumbe amechokoza nyuki.

Mwamini akasema, "Basi ni jina langu. Siwema alileta maji, lakini angeyatia wapi? Mimi nimetoa nilichokuwa nacho, na mtoto sina. Jina langu litabebwa na nani?"

Siwema akasema, "Pole dada yangu, nakupenda, lakini tangi tupu ni kioo tu. Amesema aliyeleta. Nani alileta? Nimeleta maji, nimeleta mawe, nimeleta samaki, na leo sina kazi."

Bi Makiya akasema, "Mmoja alitoa, mmoja alileta. Lakini bahari yenye samaki waliokufa si bahari, ni supu. Aliyeifanya iishi ni mimi, na mpaka leo nikipita sokoni nanyooshewa kidole."

Mwanaidi alipoulizwa, alijifunika shuka. "Mimi nimeshazaa. Hayo mengine malizeni nyie, mkimaliza mniamshe."

Hawakumaliza. Siku ya akika imefika, ubwabwa umeliwa, wageni wako mkekani. Mwalimu wa madrasa amempakata mtoto, amemwinamia, anauliza, "Jina lake nani?" Wanawake watatu wamekaa bega kwa bega wakimtazama Bi Mwanaarafa mdomoni. Bi Mwanaarafa amemtazama wa kwanza, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu, machozi yakamlenga, kwa sababu anawapenda wote. Kisha amewageukia wageni awaulize wao.

Na wageni ndio nyinyi, ubwabwa mmeshakula. Mwalimu anasubiri, na mtoto ameanza kulia. Je, tumwite nani: Mwamini, Siwema, au Makiya?