Mlango wa Ini

Si kila azibaye mlango ni adui.

Mmeyasikia maneno hayo jana harusini, shangazi zenu walipomsimamisha bwana harusi nje ya chumba cha biharusi mpaka jasho likamtoka, na ninyi vijana mkanung'unika kwamba wanawake wa hapa wana visa. Mkadhani wanasema juu ya mlango wa mbao. Sivyo. Methali hii ilianza hivi.

Hapa Kwemkole aliishi mwanamke aliyeitwa Bi Mwajabu, kungwi wa mji mzima. Siku ya harusi yeye ndiye aliyeziba mlango wa biharusi, mkono mmoja kiunoni na mwingine kwenye fremu, na hapiti mtu mpaka atoe fedha za ufungua mlango na kutaniwa akome. Bwana harusi mmoja mwenye pua ndefu aliambiwa pua yake imeshafika ndani, basi yeye asubiri taratibu zamu yake. Watu walicheka hadi wakakaa chini.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Bi Mwajabu hakulifanyia mzaha, nalo ni pombe. Mumewe alikuwa mwashi hodari, na alikunywa kila siku ya Mungu. Ini lake likachoka. Macho yakawa ya manjano kama bizari, tumbo likajaa maji, akazikwa angali kijana. Mjane akabaki na mwana mmoja, Sufiani, akaapa kwamba tone la pombe halitavuka kizingiti chake. Sufiani akakua, akawa fundi saa. Kazi hiyo ni ya skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi, na asiyeona vizuri hawezi hata kuianza.

Ujana nao una mambo yake. Sufiani alianza kunywa kwa kuibia, kwa muuza gongo mmoja nyuma ya stendi. Siku moja gongo ikapungua na wateja wakazidi. Muuzaji akachukua spiriti, ile ambayo maseremala huchanganyia rangi ya kung'arishia makabati, akaimimina humo humo. Hakuwa na nia ya kuua. Watu wa hapa gongo nayo waliiita spiriti kwa ukali wake, naye akasema moyoni, spiriti ni spiriti. Jina moja likamdanganya, akawanywesha watu sumu. Wenzake Sufiani walikunywa kidogo wakaondoka. Yeye alikaa mpaka mtungi ukaisha.

Kesho yake aliamka akiumwa kichwa, akatapika. Bi Mwajabu akasikia harufu, akajua yote. Alikasirika mno.

"Lala uone faida yake," akamwambia, akaenda zake shambani.

Aliporudi alasiri alimkuta mwanawe anapapasa ukuta wa ua, anahema kama mtu aliyepanda mlima.

"Mama, mbona umewasha kuni mbichi? Nyumba nzima moshi."

Hapakuwa na moto wala moshi. Bi Mwajabu alitazama jiko lililopoa, akamtazama kijana, na hasira yote ikamtoka. Hakubadilisha hata nguo. Alijitupia khanga mabegani, akamwita jirani mwenye pikipiki, wakampakia Sufiani katikati yao hadi kituo cha afya.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke wa Rungwe, jina lake Tumpe. Alimmulika Sufiani machoni, akamsikiliza pumzi, akauliza alikunywa nini.

"Spiriti," akajibu Sufiani.

"Spiriti gani? Gongo, au ya maseremala?"

"Ilikuwa na harufu ya makabati mapya."

Daktari hakuuliza tena. Akapiga simu kuita gari la wagonjwa kutoka hospitali ya mkoa, kisha akamtuma muuguzi dukani. Muuguzi akarudi na chupa ya pombe kali, mpya, kizibo hakijafunguliwa. Bi Mwajabu alipoiona alisimama katika mlango wa chumba cha mgonjwa, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye fremu.

"Hiyo haipiti hapa," akasema. "Imeniulia mume. Sasa mnaileta imalizie mwana?"

Muuguzi akarudi nyuma. Daktari Tumpe akaja, akasimama mbele yake bila kumsukuma.

"Mama, nina haki ya kukueleza, nawe una haki ya kusikia. Nipe dakika moja."

"Sema."

"Kila pombe inayonywewa huenda kwenye ini, na ini ndilo huivunjavunja. Pombe hii ya chupa na ile spiriti ya maseremala ni ndugu, lakini hazivunjiki sawa. Spiriti ikiwa bado haijavunjwa, makali yake si makubwa. Ini likishaivunja ndipo inageuka tindikali, ikaunguza mishipa ya macho na kuchafua damu. Huo moshi anaouona mwanao ndio mwanzo wake. Ikiendelea, atapofuka. Ikizidi hapo, tutampoteza."

"Na unataka kumwongezea nyingine?"

"Ini lina mlango mmoja, mama. Zikifika zote mbili, hii ya chupa ndiyo hushughulikiwa kwanza. Ikiwa mlangoni, ile ya sumu haipati nafasi ya kuingia. Itasubiri nje, na kusubiri huko ndiko tunakotaka, maana itatoka polepole kwa mkojo na kwa pumzi. Iliyobaki itaondolewa na mashine ya kusafisha damu huko mkoani. Ipo dawa maalumu ya kazi hii, lakini hapa hatuna, na gari liko mbali."

Mkono wa Bi Mwajabu ukashuka taratibu kutoka kwenye fremu.

"Yaani hiyo chupa," akasema, "ni kungwi?"

Daktari alikuwa ameolewa hapa hapa, na siku ya harusi yake mumewe alizibiwa mlango vivyo hivyo. Akaelewa mara moja. "Ndiyo, mama. Ni kungwi mlangoni."

"Na ile sumu ni bwana harusi asiye na posa."

"Tumweke nje mpaka achoke, aende kwao."

"Na baadaye? Wasije watu wakasema mlevi hutibiwa kwa kulewa."

"Nyumbani asithubutu mtu. Mimi naipima kwa uzito wake, na nitampima sukari mara kwa mara, maana pombe huishusha. Kazi ikiisha, inakoma."

Bi Mwajabu akapisha. Lakini Sufiani alipoletewa glasi, iliyochanganywa na maji ya machungwa, alikaza midomo akageuza uso.

"Siwezi kunywa mbele ya mama," akasema. "Nimeshamkosea ya kutosha."

Basi yule mwanamke aliyeapa kwamba tone halitavuka kizingiti chake akaichukua glasi kwa mikono yake mwenyewe. Akamsogezea mdomoni. "Mungu anaijua nia yangu," akasema. "Kunywa, mwanangu. Leo nakuamuru mimi."

Akanywa.

Gari likaja, daktari akapanda naye, akiendelea kumpimia njiani. Hospitalini wakamuunganisha na mashine. Bi Mwajabu aliketi kando ya kitanda, macho makavu, mdomo ukisoma dua zote anazozijua na nyingine alizozitunga mwenyewe. Asubuhi moja Sufiani akafumbua macho, akamtazama kwa muda mrefu.

"Mama," akasema, "khanga umeivaa juu chini. Maandishi yamepinduka."

Bi Mwajabu akajitazama. Kweli. Alikuwa ameivaa hivyo tangu siku ile ya pikipiki, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Akacheka, akalia, akacheka tena, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka naye bila kujua kwa nini.

Waliporudi alimpelekea Daktari Tumpe kapu la machungwa na jogoo.

"Mshukuru Mungu, mama," akasema daktari.

"Mungu nimeshamshukuru. Sasa ni zamu yako, nyamaza upokee."

Sufiani akarudi kwenye saa zake, ingawa tangu siku hiyo alihitaji taa kali zaidi. Muuza gongo alikuwa amekamatwa, lakini hawakosekani wauzaji. Jioni moja rafiki yake Kombo akaja na wenziwe, wakakuta Bi Mwajabu amesimama mlangoni, nao walitaka kumtoa Sufiani wakanywe naye.

"Bi mkubwa, tupishe," akasema Kombo, kisha akapaza sauti ndani. "Sufi! Mama yako adui wa raha huyu! Mpite uje, jamani, unangoja nini?"

Hata Bi Mwajabu alikuwa anasikiliza jibu.

Sufiani aliiweka chini saa aliyokuwa anaifungua, akaja akasimama nyuma ya mama yake, akaweka mkono begani mwake.

"Nendeni salama, Kombo," akasema. "Si kila azibaye mlango ni adui."