Vidonda vya Tumbo vya Fundi Azaria

Kisa hiki kimepita kwenye simu nyingi kabla ya kufika kwangu. Kisome ukiwa umetulia. Ukikimaliza, mtumie mtu mmoja unayemjua ambaye husafiri na kulala katika nyumba za watu.

Palikuwa na fundi wa mashine za kukamua mafuta aitwaye Azaria Mugoya. Kwao ni kwenye vilima vya karibu na Mbale, mashariki ya Uganda, ambako wapo watu walioishika dini ya Kiyahudi tangu enzi za babu zao.

Azaria aliishika kwelikweli. Hakula nyama isiyochinjwa na mchinjaji wao. Nyama na maziwa havikukutana kwenye sahani yake, wala kwenye sufuria yake. Ijumaa jua likizama aliweka spana chini. Hakuwasha moto, hakupanda gari, hakushika kazi mpaka Jumamosi giza liingie.

Nyumbani haya yote hayakuwa mzigo, maana jirani naye ndivyo alivyoishi. Mzigo ulikuwa safarini.

Safari zake za mwanzo alisema ukweli. Lakini siku moja, mezani kwa watu, aliposema dini yake haimruhusu kula kile chakula, mzee mmoja alimkazia macho.

"Kwa hiyo sisi tunapika najisi?"

"Sivyo, mzee wangu..."

"Ni vipi basi? Mkono wangu una kasoro gani?"

Wengine wakacheka. Wakambishia mpaka chakula kikapoa. Azaria aliondoka pale tumbo tupu na uso umemshuka.

Safari iliyofuata, alipoletewa sahani, alijikuta anasema, "Samahani, nina vidonda vya tumbo."

Ajabu, hakuna aliyebisha. Ugonjwa haubishiwi. Walimpa pole, wakamletea ndizi mbivu na maji, mambo yakaisha. Tangu hapo vidonda vikawa mwenzake wa njiani. Akitoka kwao anavibeba, akirudi anavitua mlangoni.

Basi mwaka mmoja akaitwa Singida, kwa mzee mmoja mwenye kinu cha alizeti, Mzee Athumani Ntandu. Mashine ilikuwa imekufa katikati ya msimu, na magunia ya alizeti yamejaa hadi barazani. Azaria alitaka kulala gesti. Mzee Athumani akakataa katakata.

"Fundi wangu alale gesti, na kwangu moto unawaka? Watu watanielewaje?"

Jioni hiyo akapelekwa nyumbani. Mke wa mzee, Bi Mwajabu, alikuwa amemchinjisha jogoo mkubwa kwa ajili ya mgeni. Mkeka umetandikwa, ugali wa mtama umefunikwa, mchuzi unanukia nyumba nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, nawa mikono ule."

Azaria akatazama chini. "Samahani sana, mama. Nina vidonda vya tumbo."

Alingoja pole zile alizozizoea. Hazikuja. Bi Mwajabu aliishusha sahani taratibu, kama mtu aliyesikia jina analolijua.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Siku nyingi kidogo."

"Unatapika damu?"

"Hapana, mama. Hapana."

Mama yule akaondoka kwenda jikoni. Mzee Athumani ndiye aliyeeleza, kwa sauti ya chini. Mtoto wao wa kwanza, Sefu, alikufa kwa ugonjwa huo. Kila akiulizwa alikuwa akisema tumbo linauma kidogo tu. Siku lilipopasuka, gari lilichelewa kupatikana.

Hapo ndipo Azaria alipopaswa kusema. Maneno yalimfika kooni. Lakini alimwona mama anarudi na bakuli la uji mikononi, akayameza.

Kuanzia siku hiyo akawa mgonjwa wa Bi Mwajabu. Asubuhi aliletewa juisi ya kabichi. Mchana alikamuliwa mshubiri, dawa chungu kama nyongo, na mama alisimama mbele yake mpaka aone kikombe kiko tupu. Chakula kilichopikwa alikiepuka, akisema tumbo halikipokei. Aliishi kwa ndizi, karanga na matango, na yai moja moja alilochemsha mwenyewe chumbani, kwenye kijisufuria alichotoka nacho kwao, mlango ameufunga kama mwizi.

Mama alipomwona hali chakula, mama mwenyewe ndiye aliyekonda. Ndivyo alivyoonekana machoni pa Azaria. Midomo ilimkauka, hatua zikawa nzito. Azaria alidhani ni pilikapilika, kwa sababu nyumba ilikuwa na harusi. Binti yao, Mwanahawa, alikuwa anaolewa Jumamosi.

Azaria alikusudia awe ameshaondoka kabla ya siku hiyo. Lakini beringi ya mashine iliyoagizwa kutoka Dar es Salaam ilikawia, na Ijumaa jua likazama akiwa bado Singida. Haikuwa taabu kubwa. Siku ya harusi hakuna atakayemwuliza habari za mashine. Angekaa chumbani asome sala zake, apumzike.

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa watu. Kina mama walikuwa wakimenya vitunguu huku wakiimba. Gari la bibi harusi lilikuwa limeegeshwa mlangoni, limefungwa utepe na maua. Mwanahawa akagonga mlango wa mgeni.

"Kaka fundi, mama anasema uje ukae na wanaume. Utawekewa ndizi zako."

Kama angetoka, wangemwomba apande magari kwenda msikitini kwenye ndoa. Angesema nini? Ulimi ukakimbilia kule ulikozoea.

"Niombee radhi, dada. Leo linaniuma kidogo."

Kisha akafunga mlango, akajifunika shuka lake jeupe la sala kichwani, akaanza kusali. Alisali kama wanavyosali kwao, akiinama na kuinuka, akinong'ona, macho ameyafumba.

Hakusikia mlango ukifunguliwa. Alichosikia ni ukelele.

Bi Mwajabu alikuwa amesimama kizingitini. Alichokiona yeye ni kijana aliyejifunika shuka, anajikunja na kugugumia. Na binti yake ndiyo kwanza amemletea lile neno: *kidogo*.

"Baba Sefu! Njoo! Anakufa! Mtoto anakufa!"

Nyimbo zikakatika. Wanaume wakaingia mbio, wakamnyanyua Azaria na shuka lake, mmoja miguuni, mwingine mabegani.

"Niacheni," Azaria alisema. "Siumwi."

"Ameanza kuweweseka," mtu akasema.

Wakamtoa uani. Gari lililokuwa karibu ni lile la bibi harusi. Mzee Athumani akaling'oa ua lililoziba mlango, akalitupa chini.

"Na Mwanahawa je?" shangazi mmoja akauliza. "Watu wanasubiri!"

Mwanahawa mwenyewe alikuwa amejitokeza mlangoni, hina mikononi, shela begani. Akajibu kabla ya baba yake.

"Mpelekeni kwanza. Mimi nitasubiri. Sefu hakupata gari, huyu apate."

Azaria aliposikia hivyo, kitu kikamkatika ndani. Akashika fremu ya mlango wa gari kwa mikono miwili, akapaza sauti.

"Siumwi! Wallahi siumwi! Sijawahi kuumwa tumbo maishani mwangu. Nimewadanganya."

Wale waliombeba wakamteremsha polepole, akasimama peke yake katikati ya watu, shuka limemwangukia kiunoni.

Akasema yote. Kwamba yeye ni Myahudi. Kwamba dini yake ina sheria ya nyama, ya maziwa na ya vyombo, na leo ni siku yake ya mapumziko. Kwamba aliwahi kuchekwa, akaona ugonjwa ni njia rahisi.

Mzee Athumani alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Fundi," akasema, "sisi hapa hatuli nguruwe. Tukienda kwa watu tunasema, wanatuelewa. Wewe ulidhani nyumba hii haijui maana ya mtu kuwa na dini? Neno moja tu. Ungeniambia neno moja."

Azaria alimgeukia Bi Mwajabu. Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi, mikono mapajani.

"Kwa hiyo," aliuliza kwa sauti ndogo, "siku zote hizi nilikuwa namwuguza nani?"

Hapo Azaria akapiga magoti. Wageni wa harusi wakageuza nyuso zao pembeni.

"Mama, nisamehe."

Mwanahawa ndiye aliyezungumza. Macho yalikuwa yamemjaa maji, wanja umeanza kumchuruzika.

"Kaka, hujui bado. Unaona mama alivyokonda? Tangu jioni ile uliyosema una vidonda, mama yuko kwenye funga. Aliweka nadhiri atafunga kila siku mpaka urudi kwenu salama. Amepika harusi yangu hii hajaonja hata chumvi. Leo tunacheza, yeye amefunga. Amefunga kwa ajili ya tumbo lako."

Azaria alitamani ardhi ipasuke. Chumbani alikuwa akichemsha mayai kwa siri, na upande wa pili wa ukuta mwanamke mzima alikuwa anashinda na njaa kwa ajili yake. Tena alikumbuka jambo alilofundishwa tangu utotoni, ambalo safari hizi zote hakulitia maanani. Katika Torati, sura ile ile inayokataza kumpika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake, mistari kumi na miwili tu juu yake, inamwagiza mtu akae mbali na uongo. Mstari mmoja aliubeba kote alikokwenda, akauzungushia ukuta. Ule mwingine aliuacha nyumbani kila safari.

"Mama," akasema, "fungua basi. Kunywa maji. Nadhiri ilikuwa ya mgonjwa, na mgonjwa hayupo."

Bi Mwajabu akatikisa kichwa. "Niliyemwahidi ni Mungu. Yeye hakunidanganya. Siku ya leo nimeshaianza kwa jina lake, nitaimaliza."

"Basi nami sitakula mpaka jua lizame."

Alisema hivyo kwa haraka, halafu akajishika mdomo. Mama akamwangalia vizuri.

"Nini tena?"

Azaria akasita. Uongo mdogo ulikuwa tayari ulimini, umejipanga kama kawaida yake. Akaurudisha.

"Sheria yetu inakataza kufunga siku ya Sabato. Leo natakiwa nile."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Bi Mwajabu akainuka, akaingia ndani, akatoka na chane ya ndizi mbivu na kisu kipya ambacho kilikuwa miongoni mwa zawadi za harusi, bado kiko kwenye karatasi yake.

"Ndizi haikupikwa kwenye chungu," akasema. "Na hiki hakijagusa kitu. Inafaa?"

"Inafaa, mama."

"Basi kaa ule. Mimi nikuone."

Azaria akaketi kwenye ngazi, na mama akaketi kando yake, midomo imemkauka. Azaria alimenya ndizi ya kwanza. Aliomba dua yake kwa sauti, mara ya kwanza mbele ya watu wasio wa dini yake. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Alitafuna huku machozi yanamdondokea, na kila tonge lilishuka kama jiwe, kwa sababu aliyemlisha alikuwa na njaa, na njaa ile aliileta yeye.

Mama alingoja amalize, akayaokota maganda.

"Sasa nimemwona mgeni wangu," akasema. "Twende Mwanahawa, watu wanasubiri."

Utepe ukafungwa upya, gari likaondoka, ngoma zikaanza tena. Azaria alibaki uani na maua yaliyokanyagwa. Jioni jua lilipozama, Sabato yake ikielekea kuisha, mama alifuturu kwa maji na tende. Azaria ndiye aliyemshikia kikombe.

Siku beringi ilipofika alitengeneza mashine, ikanguruma, mafuta yakatiririka. Mzee Athumani alimsindikiza hadi stendi. Walikumbatiana, lakini Azaria hakuweza kumtazama machoni kwa muda mrefu.

Bado anasafiri. Bado hali nyama za njiani. Ila siku hizi, akifika kwa watu, kabla hata ya kuweka begi chini, huwaambia yeye ni nani na anakula nini. Wapo wanaobisha. Wapo wanaocheka. Yeye husubiri wamalize, kisha huomba ndizi.

Funzo: Ishike dini yako, lakini usiifiche nyuma ya uongo. Mwenyeji uliyemwambia ukweli hupungukiwa na mlaji mmoja tu mezani. Uliyemdanganya utamwacha na njaa ya maradhi yasiyokuwepo.